UZI: Usipande mmea mpya kwenye tangi la samaki siku uliyoununua. Yaliyonikuta, na karantini ya ndoo ninayofanya sasa

#1 Mvuvi wa Sebuleni

Wakuu, habari za Jumapili.

Uzi huu nimeuahirisha wiki tatu kwa aibu. Jana kuna dogo wa mtaani kaja kuniuliza mimea gani aanze nayo, nikaona bora niandike mara moja, nikiulizwa tena nawapa kiungo.

Nina tangi la lita 120, lina mwaka na nusu, nipo Tabata. Ndani walikuwemo samaki 14: moli watano, gapi watatu, anjeli wawili na koridorasi wanne wale wa kufagia chini. Miezi saba sijaongeza samaki hata mmoja. Chakula kilekile, filta ileile, maji nabadilisha robo kila Jumapili.

Jumamosi moja nimepita duka moja mjini, nikaona mimea imenona. Nikachukua anubiasi mbili na fungu la valisneria. Muuzaji kaichomoa kwenye tangi lenye samaki wa dhahabu, kaitia kwenye kimfuko na maji kidogo, nikasepa. Nyumbani nikaisuuza bombani kama mchicha, nikapanda, nikapiga picha, nikaweka status. Watu wakasifia kweli.

Siku ya tano anjeli mmoja akaanza kujikwangua kwenye jiwe. Nikajua anacheza. Siku ya sita nikaona kwenye pezi la mkia kidoa cheupe kama chembe ya chumvi. Siku ya nane karibu wote wamenyunyiziwa chumvi, wanapumua haraka haraka juu ya maji. Ilipofika siku ya 12 nilikuwa nimeshatoa maiti tisa. Anjeli wote wawili wakiwemo, na wale nilikuwa nao tangu wakiwa na ukubwa wa kifungo cha shati.

Ugonjwa wenyewe ni madoadoa meupe. Wafugaji wanauita iki, kwa kufupisha jina la kimelea chake, Ichthyophthirius multifiliis. Nilivyosoma maisha ya huyu mdudu ndipo nikaelewa kilichoingia nyumbani kwangu.

Kile kidoa unachokiona ni kimelea chenyewe, kimejichimbia chini ya ngozi ya samaki kinakula. Hapo dawa haikifikii. Kikishiba kinatoka, kinaanguka, kinajigandisha popote: kwenye jiwe, kioo, changarawe, au JANI. Kinajijengea ganda, humo ndani kinajigawa vipande mamia, wakati mwingine hadi kama elfu. Ganda linapasuka, watoto wanatoka kuogelea kutafuta samaki. Kwa maji yetu ya nyuzi 25 hadi 28 mzunguko mzima haumalizi wiki. Ndiyo maana siku ya tano na ya sita kwangu.

Kwa hiyo samaki wa dhahabu wa dukani walikuwa wanaugua, kimelea kikadondoka kikaganda kwenye anubiasi, mimi nikanunua jani pamoja na ganda. Kusuuza bombani hakukusaidia kitu maana kile hakielei, kimegandishwa.

Sasa sehemu iliyoniuma kuliko zote. Wale watoto wakitoka kwenye ganda wasipopata samaki ndani ya siku mbili hivi, wanakufa. Hawali kitu kingine. Jani haliwafai, konokono hawafai. Maana yake mimea ile ningeiacha tu kwenye ndoo isiyo na samaki, wiki mbili, bila dawa, bila senti tano, kimelea kingejifia chenyewe. Nilishindwa kusubiri wiki mbili kwa sababu ya picha ya status.

Ninavyofanya sasa: nina kontena la plastiki angavu la lita 30, nimeliweka karibu na dirisha lakini si juani, juani mwani unajaa na maji yanachemka. Mmea ukifika, maji ya dukani namwaga chooni, hayaingii popote. Natoa majani yaliyooza, natoa sufi na chungu cha plastiki kwenye mizizi maana humo ndimo yanamojificha mengi. Nasuuza, natia kwenye kontena lenye maji ya bomba yaliyolala siku nzima ili klorini itoke. Nawasha taa ya LED nyeupe masaa nane. Basi. Kila siku natazama upande wa chini wa majani. Siku 14 nikiwa na haraka, siku 28 nikiwa na akili.

Na kontena lina kinyavu chake na mpira wake wa kunyonyea maji, haviendi tangi kubwa. Nikihudumia naanza na tangi kubwa, namalizia na kontena, nanawa mikono.

Karibuni, mwenye kurekebisha arekebishe.

#2 Kijana wa Sinza

Nimeweka kambi hapa. Pole sana mkuu kwa msiba.

#3 Mzee wa Bwawa

Vijana mnapenda kutishana. Mimi nafuga tangu 2009, mimea natupia moja kwa moja toka dukani, sijawahi kuona huo msiba. Samaki wako wamekufa kwa maji machafu, tangi la lita 120 lenye samaki 14 na anjeli humo humo. Mmea hauugui magonjwa ya samaki, mmea ni mmea.

#4 Mvuvi wa Sebuleni

Mzee shikamoo. Mmea hauugui, hilo sikatai. Hata matatu haiugui mafua lakini tunaletewa nayo.

#5 Kijana wa Sinza

😂😂😂 Daladala mkuu, siyo matatu, wewe wa Tabata.

#6 Mvuvi wa Sebuleni

Nimekaa Nairobi miaka miwili, nisamehe.

#7 Mama Gapi

Mzee wa Bwawa nakuunga mkono nusu, na Mvuvi nakuunga mkono nusu na robo.

Mzee, samaki aliyeugua iki akapona anabaki na kinga ya kiasi fulani. Inawezekana tangi lako lilishapitiwa zamani, wenyeji wako wakabaki sugu, na kila mmea ukiingia na kimelea kinakosa mahali pa kushika kwa nguvu. Hapo utasema mimea haina shida. Siku ukileta samaki mgeni akafa peke yake ndani ya wiki, wenyeji wako wazima, utasema alikuwa dhaifu. Umeshawahi kuona hilo?

Mvuvi, swali moja. Kile kimfuko, yale maji ulimwaga wapi SIKU ILE?

#8 Mzee wa Bwawa

Mama Gapi hilo la mgeni kufa limenitokea. Zaidi ya mara moja. Sitaki kusema mara ngapi.

#9 Mvuvi wa Sebuleni

Mama Gapi umenishika. Siku ile kimfuko nilikielesha kwanza juu ya tangi kama tunavyofanya kwa samaki, halafu mimea nikaitoa kwenda kuisuuza, na yale maji nikayamimina tangini. Nilikuwa nafikiri nauzoesha joto. Mmea!

#10 Mama Gapi

Basi huwezi kujua kama walikuja na jani au na maji. Maji ya tangi la samaki wagonjwa yanaweza kuwa na wale watoto wanaogelea tayari, hawahitaji hata ganda. Dawa ni ileile, ndoo isiyo na samaki, lakini wanaosoma uzi huu wajue: anayemwaga maji ya dukani kwenye tangi lake hata mmea ukiwa safi amekwisha.

Niongeze ushauri wa kununua. Muulize muuzaji kama mimea inakaa tangi moja na samaki. Maduka mengi huku kwetu inakaa pamoja kwa sababu nafasi hakuna, na inapendeza macho. Tazama wale samaki wenyewe. Kama kuna hata mmoja anajikwangua au mapezi ameyabana, ondoka, hata kama mmea unatoa maua.

#11 Tangi Chuga

Wakuu mimi nipo Arusha. Wiki mbili ni nyingi na chumba changu hakina nafasi. Siwezi kuchovya kwenye jiki dakika mbili nikamaliza siku hiyohiyo? Nimeona video.

#12 Mama Gapi

Unaweza, kwa baadhi ya mimea. Nakuandikia ninavyofanya, lakini usiache kusoma mpaka mwisho.

Jiki ni sodiamu haipokloraiti. Video nyingi ni za Marekani, wanasema sehemu moja ya jiki kwa 19 au 20 za maji, na jiki yao huwa kali kuliko yetu. Soma asilimia kwenye chupa yako. Ya asilimia tatu na nusu, mimi huweka moja kwa 14. Iwe ile isiyo na manukato wala sabuni. Anubiasi na majani mengine magumu yanavumilia dakika mbili. Laini dakika moja, na hata hiyo ni bahati nasibu. Valisneria, kabomba, mosi (ule mmea unaotanda kama zulia) na ule mmea wa sindano sindano unaoelea bila mizizi, usijaribu kabisa, utatoa supu. Mizizi nayo inaungua, kwa hiyo huwa nashika mmea kichwa chini, mizizi juu.

Ukitoa, suuza sana, halafu loweka kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini mara mbili ya kipimo. Mimi huwa nanusa. Nikisikia harufu ya bwawa la kuogelea, narudia. Na tafadhali usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo eti iwe na nguvu zaidi, ile gesi inayotoka itakuanza wewe kabla ya kimelea.

Kwa konokono nilikuwa natumia shabu, ile ile ya bibi zetu ya kutulizia maji ya kisimani. Unaisaga, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne, mmea unalala humo masaa mawili matatu. Ukitaka kufikia na mayai, mpaka siku nzima. Ni mpole kwa majani. Na kuna ile pamanganeti ya zambarau ya duka la dawa, miligramu 10 kwa lita, dakika 10. Nani ana mizani ya kupima miligramu nyumbani? Ndiyo sababu niliiacha, pamoja na kwamba kidole changu kilikaa kahawia siku nne.

Sasa mwisho. Hizi zote ni za kupunguza, si za kumaliza. Dakika mbili za jiki zinategemea umegusa kila kona ya jani, na mmea una mikunjo. Wiki mbili za kukosa samaki hazitegemei mkono wako. Ukiniambia nichague kimoja, nachagua kalenda.

#13 Tangi Chuga

Asante kwa madini dada. Nafasi nitatafuta, nitalala nayo uvunguni.

#14 Mama Gapi

Uvunguni hakuna mwanga mdogo wangu. Na wewe wa Arusha una habari mbaya nyingine. Hizo siku 14 za Mvuvi ni za Dar. Hicho kimelea kinaenda na joto la maji. Nyuzi 27 kinakimbia, wiki haiishi. Maji yako ya mwezi wa saba ni nyuzi ngapi? Yakiwa 18 au 19 kinajivuta, mzunguko unaweza kufika wiki mbili, na kwenye nyuzi 10 unavuka mwezi. Baridi haimuui, inampa usingizi. Kwa hiyo ama weka hita kwenye kontena ufikishe 26, ama hesabu mwezi. Njombe na Mafinga msikie.

#15 Sangara Mkavu

Nawasoma nacheka. Sisi Mwanza mmea hatununui. Naenda ufukweni asubuhi, natoa ile ya sindano sindano na valisneria ya porini mzigo wa bure. Kitu cha ziwani, hakijakutana na samaki wa dukani, karantini ya nini?

#16 Nesi Mstaafu

Sangara Mkavu, mwanangu, unaingia majini na miguu mitupu?

#17 Sangara Mkavu

Ndiyo mama, mpaka magotini tu.

#18 Nesi Mstaafu

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Sikia.

Mimi habari za samaki sizijui, nimeletwa humu na mjukuu. Za kichocho nazijua, nimefanya kazi Kanda ya Ziwa miaka mingi. Ile mimea unayoitoa ndiyo nyumba ya konokono. Konokono wa kichocho wanapenda hasa hapo, pembeni, maji yaliyotulia, majani mengi, karibu na watu wanapofulia na kujisaidia. Kichocho cha tumbo huku kwetu kinapitia konokono mdogo bapa aliyejikunja kama kamba iliyoviringishwa. Akishaambukizwa anatoa viluwiluwi vya minyoo, zaidi mchana jua likiwa kali, na vinapenya ngozi dakika chache tu. Huhisi kitu. Hukukata mahali.

Ukibeba mimea nyumbani umebeba konokono. Ukiwaweka kwenye ndoo wanaendelea kutoa viluwiluwi kwa wiki kadhaa, na wewe unazamisha mkono kila siku kuangalia majani.

Shuleni watoto wanapangwa kwenye ubao wa kupimia urefu wanapewa vidonge vya prazikwanteli, unadhani ni mchezo? Nenda kituo cha afya ukapime, choo na mkojo.

#19 Sangara Mkavu

Mama shikamoo. Naenda Jumatatu.

#20 Mama Gapi

Mama shikamoo za wote humu ziwe kwako. Hili hata mimi nilikuwa silifikirii kwa uzito huo.

Naongezea upande wa tangi ili watu wasianze kuua kila konokono wanayemwona. Konokono aliyezaliwa ndani ya tangi lako hana kichocho, kwa sababu ili aambukizwe lazima kinyesi au mkojo wa mtu mwenye kichocho uingie kwenye maji yake. Shida ni yule aliyetoka ziwani, bwawani au mtaroni. Na msijaribu kuwatambua kwa macho. Kuna konokono wa kawaida kabisa wa matangi anafanana na yule bapa, na yule wa kichocho cha mkojo anafanana na wengine wanaojikunja kushoto. Wa porini wote wahesabuni wagonjwa. Glavu ndefu, au koleo la jikoni ambalo halirudi jikoni.

Na hapa ndipo karantini ya Mvuvi ina tundu. Kukosa samaki kunaua vimelea vinavyohitaji samaki SASA. Hakuui kilichomo ndani ya konokono. Wapo minyoo bapa wanaokaa ndani ya konokono wale wenye umbo la pembe ndefu iliyochongoka, wanatoka humo wanaingia kwenye matamvua ya samaki, samaki anahema huku maji ni mazuri. Huo mnyoo unamalizia maisha kwa ndege wanaokula samaki, kwa hiyo kwenye tangi la sebuleni hauzunguki ukaongezeka, lakini konokono mmoja wa porini anatosha kuwaharibu samaki wako. Hivyo wiki nne zangu zina kazi mbili: wiki mbili za mwanzo ni za vimelea, zinazobaki ni za mayai ya konokono. Yanaanguliwa ndani ya wiki moja mpaka mbili kwenye joto, unawaona wadogo kama kichwa cha pini kwenye kioo, unawatoa mpaka waishe.

Ukiweza, ya ziwani acheni ziwani.

#21 Mzee wa Bwawa

Nimekaa kimya nasoma. Naomba kuuliza kitu cha aibu. Ndoo ya maji iliyotulia mwezi mzima, Dar es Salaam, mbu je?

#22 Kijana wa Sinza

Mzee kaja na swali la mwaka.

#23 Mvuvi wa Sebuleni

Mzee wa Bwawa umenigusa penyewe, maana hili limeniletea kesi nyumbani. Siku ya tisa ya karantini ya kwanza mama watoto kaniita, "Njoo uone samaki wako wapya." Viluwiluwi, wanacheza disko. Na mnajua yai mpaka mbu anayeruka ni siku saba mpaka kumi kwenye joto hili. Na wale mbu wa mchana wenye madoa meupe miguuni ndio wa denge, tulishaonjeshwa 2014 na 2019.

Nikafikiri nitie gapi wawili wawale, nikagundua nitakuwa nimeua maana nzima ya karantini! Nimewaletea kimelea chakula. Hapo mbu wangekufa na iki ingeishi.

Sasa hivi nafunika na kipande cha chandarua chakavu na kamba ya suruali. Mwanga unapita, mbu hapiti. Na kila siku ya nne namwaga nusu ya maji hata kama ni masafi.

#24 Kijana wa Sinza

Kwani hao viluwiluwi si unawachota na kinyavu unawapa samaki wa tangi kubwa? Chakula cha bure hicho, protini.

#25 Mvuvi wa Sebuleni

Sinza, kwa kinyavu cha wapi? Kinatoka ndoo ipi kinaenda tangi lipi?

#26 Kijana wa Sinza

Aaaah. Nimejiona.

#27 Mwanapwani wa Likoni

Hamjambo ndugu zangu. Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye feri ya Likoni, tumekwama, basi nichangie.

Mimi sifugi samaki wengi, nafuga wale kamba wadogo wekundu. Mwaka jana niliagiza mimea safi kabisa, haina konokono hata mmoja, majani yanang'aa. Nikafurahi nikaipanda. Kesho yake kamba wangu wanaogelea kama walevi, mwisho wa wiki wamekwisha. Samaki wazima wote. Nikaja kuelewa kwamba mmea ambao hauna mdudu hata mmoja yafaa ujiulize kwa nini hauna. Mashamba mengine hupiga dawa ya wadudu, na kamba ni ndugu wa mdudu. Dawa yenye shaba nayo ni hivyo, inaua konokono na kamba pamoja.

Kwa hivyo ndoo yangu ni ya kulowesha. Siku tatu za kwanza nabadilisha maji yote kila siku, baadaye mara mbili kwa wiki. Mwisho natia kamba mmoja mzee humo, akikaa siku mbili anakula, nafungua mlango. Mke wangu asema ni dhulma. Labda ni dhulma.

Na wenye pesa kuna ile mimea ya kwenye vikopo, imekuzwa maabara kwenye ute kama agari. Hiyo haina konokono, haina kimelea, haina mwani. Unaosha ute, unapanda. Bei yake ndiyo yenyewe, na mingine hudondosha majani yote wiki ya kwanza ikizoea maji, usiitupe, mizizi i hai.

#28 Mama Gapi

Mwanapwani ahsante sana. Hilo la kudondosha majani niligongee msumari, maana watu wanalaumu karantini. Mimea mingi ya mashambani hukuzwa nje ya maji, majani yake ni ya hewani. Ukiizamisha yale ya zamani yanayeyuka, yanakuja mapya ya majini. Hii itatokea kwenye ndoo au kwenye tangi, bora itokee kwenye ndoo, uozo usichafue maji ya samaki. Kriptokorini ndiyo bingwa wa kujifanya imekufa.

#29 Sangara Mkavu

Mrejesho. Nimepima, ninacho, nimepewa vidonge, dozi imenikatisha tamaa ya kula samaki siku mbili. Mama Nesi Mungu akuweke. Ile mimea yangu sasa niipeleke wapi, niirudishe ziwani?

#30 Nesi Mstaafu

Pole mwanangu. Usirudishe. Ianike juani mpaka ikauke iwe kama tumbaku, halafu choma au fukia.

#31 Mzee wa Bwawa

Na hilo lihusu wote, hata wa dukani. Nilikuwepo Mwanza gugumaji lilipofunga ziwa, mitumbwi haitoki, watu wanasukuma majani kwa mabega. Ule mmea asili yake ni Amerika ya Kusini, watu waliuhamisha kwa sababu ua lake zuri. Usitupe mmea wa tangi mtaroni ukidhani umekufa.

#32 Mvuvi wa Sebuleni

Wakuu, mrejesho wa kontena. Hii ni bechi mpya, anubiasi tatu na kabomba, duka tofauti na lile. Leo siku ya 16.

Siku ya 3: kabomba imedondosha nusu ya sindano, nimenyonya.
Siku ya 7: nimekuta utelezi kama kamasi chini ya jani la anubiasi, ndani vidoti. Mayai ya konokono. Nimeyakwangua kwa kucha, nimeiosha kucha.
Siku ya 11: konokono wawili wadogo kwenye plastiki. Kwa hiyo sikukwangua yote.
Siku ya 13: hapa ndipo nataka Mzee wa Bwawa asome. Nimefunua chandarua, nikaona kitu cha kahawia, miguu sita, kichwa kikubwa, kimetulia kwenye mzizi kama jani lililooza. Nikakigusa na kijiti, kikarusha taya mbele kama mkono wa roboti. Mtoto wa kereng'ende. Alikuwa na urefu wa nusu ya kidole cha mwisho. Huyu anakula gapi wachanga, na akikua hata wakubwa anawajaribu. Moli wangu mmoja kati ya wale watano waliobaki ana mimba.

Sikumwua. Nimempeleka kwenye dimbwi la jirani anayelima bamia, akale viluwiluwi vya mbu huko.

Kwa sababu ya konokono wale wawili nimeanza kuhesabu upya upande wa mayai. Wiki mbili zaidi.

#33 Mzee wa Bwawa

Nimesoma. Nimenunua kontena. Lita 40, nisipitwe na wewe. Kipande cha chandarua mke wangu amekataa kutoa, anasema bado kizima.

#34 Mwanapwani wa Likoni

Mzee tumia kitenge chepesi.

#35 Mzee wa Bwawa

Unataka niuawe?

#36 Tangi Chuga

Wakuu na mimi nimeanza. Sina hita, kipimajoto kinasoma 18, kwa hiyo nimeandika tarehe kwenye kontena kwa makapeni na tarehe ya kutoka ni mwezi ujao. Mama Gapi, hiki kidoa cheusi kwenye picha, kulia juu ya jani la pili, ni konokono au ni uchafu?

#37 Mama Gapi

Picha ina ukungu. Nadhani uchafu. Kesho asubuhi kiangalie tena kama kimehama.

#38 Tangi Chuga

Kimehama.